Juisi ya Bure

Chupa ya kwanza aliipokea Olive, jirani wa ukuta kwa ukuta, kwa mikono miwili na goti likishuka kidogo. Goti hilo lingetosha kumshtua Félicité, maana Olive hakuwa mtu wa kupiga goti ovyo. Alimpigia padri, na yule mwanamke wa sokoni anayekopesha sabuni, basi. Lakini asubuhi ile ya Jumapili Félicité hakuwa akiangalia magoti. Aliangalia chupa zake, namna zilivyong'aa.

"Ni ya bule, Mama Josée. Marakuja na tangawizi. Munywe na batoto."

"Ya bule kabisa?"

"Kabisa."

"Na chupa yenyewe sitarudisha?"

"Kaa nayo."

"Aksanti, Mama Bienvenu. Mungu akuongezee."

Nyuma ya Félicité alisimama Pitchou, mdogo wa mume wake, amebeba kikapu kichwani na viatu vyenye ncha miguuni. Pitchou alikuwa ametoka Bukavu wiki tatu kabla, na cheti cha mafunzo ya biashara ya siku tatu. Cheti chenyewe alikitundika juu ya meza, pale ilipokuwa picha ya ndoa ya kaka yake. Picha ya ndoa ikahamia nyuma ya mlango, na bibi harusi akawa anatazama ndoo.

"Umeona, shemeji?" alisema walipotoka kwa Olive. "Muntu akionja ya bule leo, kesho atatafuta ya kununua. Njo inaitwa promosyo. Nyumba ngapi zimebakia?"

"Makumi tano na moja."

"Twende. Na ucheke. Bukavu walitufundisha: nusu ya biashara ni meno."

Basi Félicité akacheka kwenye nyumba makumi tano na moja za mtaa wao wa Rugenge, mpaka mashavu yakamuuma.

Tangu zamani aliuza juisi kwa ndoo yenye kifuniko na kikombe kimoja cha plastiki. Mteja akija, Félicité alichota, akanywa funda moja mteja akimwangalia kooni, akasuuza kikombe, halafu akamchotea. Huku ndivyo kinywaji kinavyotolewa, iwe harusini, iwe matangani, iwe kwa mama mkwe: mwenye kutoa anaonja kwanza. Hakuna anayekumbushwa, kama vile hakuna anayekumbushwa kusema "jambo" akiingia kwa watu. Mtu asipokusalimia, utanuna. Mtu asipoonja, hutanuna. Utaogopa, na utacheka naye huku unaogopa.

Kisha kipindupindu kilipanda kutoka ufukweni. Watu wa afya wakakataza vikombe vya kupokezana, na shefu wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, Papa Gédéon, akaja mwenyewe kuimwaga ndoo ya Félicité mbele ya wateja wake. Juisi ikaingia mfereji, na wateja wakaruka wasilowe viatu. Mume wake, Onesphore, ni mwashi, na mwashi anakula pale watu wanapojenga. Mwaka ule, milio ya risasi ikisikika kutoka bondeni kila juma, nani angeongeza hata tofali moja? Watu walikuwa wakifunga mizigo. Ndipo Pitchou alipokuja na habari ya chupa ndogo mpya, kizibo cha kubana, karatasi yenye picha ya tunda. Kwa ajili ya chupa hizo Félicité aliuza cherehani yake.

"Na kuonja?" alikuwa ameuliza usiku wa kufunga vizibo. "Batu bataona namna gani kama nimeonja?"

"Shemeji! Ukifungua kizibo, itakuwa tena chupa ya mupya? Muteja wa leo anataka kitu yenye imefungwa. Ikifungwa, haina kipindupindu. Kwishaa."

Alisema kweli. Ikifungwa haikuwa na kipindupindu.

* * *

Jumatatu Félicité aliweka meza mbele ya lango, na chupa ishirini ndani ya sanduku la barafu. Watu walipita na kumsalimia vizuri sana, tena kutoka ng'ambo ya barabara. Jumanne hivyo hivyo. Barafu iliyeyuka, ikanunuliwa nyingine, nayo ikayeyuka. Jumatano alikuja mtu mmoja, akashika chupa, akaigeuza juu chini, akaiweka mwangani, akauliza kama kuna maji ya kawaida.

Jioni hiyo Capitoline, mama mzee wa nyumba ya mbele, alivuka barabara na fimbo yake kuja kupumzika kwenye kiti cha Félicité, kama alivyozoea. Safari hii alikaa ukingoni mwa kiti, tako moja tu.

"Mama Capitoline, juisi ilikuwa namna gani?"

"Tamu! Ee, mwanangu. Tamu sana."

"Tangawizi haikukuunguza?"

"Iliniunguza kidogo, lakini vizuri. Hata mafua ilitoka."

Félicité alicheka, maana meno yalikuwa yameshazoea. Lakini Capitoline alikuwa na vidonda vya tumbo, na chupa yake Félicité aliitengeneza peke yake, marakuja na sukari basi, bila hata ganda la tangawizi. Aliiwekea alama ya uzi mwekundu shingoni ili isichanganyike.

Usiku alimwambia Pitchou. "Yule mama hakukunywa. Ameniongopea usoni."

"Atakuwa amesahau."

"Nani anasahau tangawizi? Pitchou, batu banaogopa kitu. Tuache."

"Banaogopa nini? Shida ni moja: promosyo ilikuwa ndogo. Muteja akisita, unaongeza. Jumapili tunatoa mbili mbili, na biskuti juu."

Onesphore, aliyekuwa akila, aliinua kichwa. "Mbili? Ya kwanza haijalipa, munatoa ya pili?"

"Kaka, weye ni mwashi. Mimi nikikuja ku ukuta yako, ninakufundisha kupanga tofali?"

Onesphore akarudi kwenye ugali wake. Alikuwa amekaa miezi mitano bila kupanga tofali lolote, na mdogo wake alijua.

* * *

Jumapili ya pili malango yalikuwa mazito. Kwa Olive, Félicité alisikia sauti za watoto, akapiga hodi, sauti zikakatika kama redio iliyozimwa. Baadaye Olive alitoka mwenyewe, akafunga mlango nyuma yake.

"Tena?"

"Tena! Mbili, na biskuti ya Josée."

Olive alipokea. Goti halikushuka. "Mama Bienvenu, samahani niulize. Juu ya nini munatupatia sisi?"

"Juu ya nini namna gani?"

"Bule mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili tena ya bule, na muko na shida kama sisi. Nani analipa?"

"Ni biashara, Mama Josée. Promosyo."

"Ee," alisema Olive. "Promosyo." Alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wa jamaa wa mtu.

Nyumba ya saba mwanaume aliuliza kama Pitchou ni mtu wa wapi hasa. Nyumba ya kumi na mbili waliambiwa waweke chupa chini, penye vumbi, zitachukuliwa. Félicité aliweka. Kwenye kona aligeuka akaona msichana anatoka na kijiti, anazisukuma chupa kwa kile kijiti mpaka mferejini. Akataka kurudi nyumbani. Pitchou akamwambia mteja mgumu ndiye mteja wa kesho, naye akamfuata, akicheka.

* * *

Jumatano saa kumi na moja za alfajiri Josée, binti wa Olive mwenye miaka sita, alianza kutapika na kuharisha maji matupu. Kulipopambazuka Olive alimpakia kwenye pikipiki katikati yake na dereva, wakateremka mbio kwenye mahema ya kipindupindu.

Ilipofika saa nne hakuna aliyelitaja tena neno kipindupindu. Ilipofika saa tano Rugenge yote ilikuwa imejua mtoto wa jirani wa yule mama wa chupa anakufa.

Félicité alijua kwa sababu ya kimya. Muuza maji hakupiga debe lake. Watoto hawakupita. Wake kwa waume walisimama wawili wawili kwenye malango yao na kumtazama anavyofagia, akaacha kufagia, akabaki ameshika ufagio kwa sababu hakujua mikono iende wapi. Capitoline alipita karibu, hakusimama, alisema tu huku akitazama mbele:

"Banasema weye ni mulozi, uliweka sumu. Toa batoto."

Mwanawe Bienvenu na mdogo wake walipelekwa kwa dada yake Onesphore kupitia uani. Félicité alipoingia chumbani kumwamsha Pitchou, alikuta godoro tupu. Viatu vyenye ncha havikuwapo. Cheti hakikuwapo ukutani, msumari tu umebaki. Pitchou alikuwa ameenda kutafuta soko kubwa zaidi.

"Twende na sisi," Félicité alisema.

"Tukikimbia, tumekubali," alisema Onesphore. Midomo ilikuwa imemkauka mpaka inashikana. "Na tutapita wapi? Bako barabara zote mbili."

Walifunga lango kwa mnyororo. Jiwe la kwanza lilianguka kwenye bati kabla Onesphore hajageuza ufunguo. La pili, la tatu. Kisha wakaacha kurusha, na hilo lilitisha zaidi, maana zilisikika nyayo, nyingi, na mtu akicheka, na kitu kizito kinachoviringishwa juu ya changarawe. Félicité alichungulia kwenye tundu la lango. Kilikuwa tairi la gari. Kijana aliyeliviringisha alimjua: alikuwa akimuuzia juisi kwa mkopo alipokuwa anasoma.

"Fungua, Onesphore!" Ilikuwa sauti ya Papa Gédéon, shefu. "Mufungue tuongee. Musipofungua, minye sitaweza kuzuia batu."

Onesphore alifungua, kwa sababu mnyororo ule usingezuia hata mbuzi.

Walikuwa kama mia. Shefu alikuwa mbele na chupa moja mkononi, ameishika kwa shingo, mbali na mwili.

"Mama Bienvenu, hii ni yako?"

"Ni yangu, Papa."

"Uliweka nini?"

"Marakuja. Sukari. Tangawizi. Maji niliyochemsha." Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtoto anayesomeshwa. "Leta ninywe."

Hakungoja jibu. Alimpokonya, akang'oa kizibo kwa meno, akanywa yote wakimwangalia kooni. Juisi ilikuwa imekaa juani, imeanza kuchacha. Akachukua nyingine kwenye sanduku lake, akanywa, na ya tatu, nyingine ikimwagika kifuani. Alimaliza akipumua kwa nguvu.

"Basi?" alisema. "Basi?"

"Basi nini?" alijibu kijana wa tairi. "Sumu ya karuho inaua siku hiyo hiyo? Karuho inangoja. Mwezi, miezi miwili. Na mwenye kuiweka iko na dawa yake."

"Kweli!" wakasema nyuma.

"Sasa nifanye nini muamini?"

"Hakuna," alisema kijana, na alisema kwa upole kabisa. "Ungeonja siku ile."

Félicité alimtafuta Onesphore kwa macho, akamwona ameshikwa mikono na watu wawili ambao aliwajengea jiko. Petroli ilinukia mahali. Alihisi mkojo wa moto unateremka mguuni, akabana mapaja ili watu wasione, na alishangaa kwamba hata sasa alijali watu wasione.

Ndipo watu wa nyuma walipoanza kupisha njia. Olive alikuwa anarudi kutoka kwenye mahema, miguu mitupu, kuchukua kitambaa na beseni. Alipita katikati yao kama mtu anayepita sokoni, akasimama alipoliona tairi.

"Ni nini?"

"Ni juu yako, Mama Josée," alisema shefu. "Juu ya mutoto. Bado anapumua?"

"Bado."

"Sema neno moja tu, tumalize. Mutoto alikunywa jus ya huyu mama?"

Neno hilo moja, ndiyo, lilikuwa jepesi. Watu mia walikuwa wameshalifungulia mlango, lilibaki kutoka. Na Olive hakuwa na kosa akilisema: angelia, wangemshika mabega, na kuanzia leo ugonjwa wa mwanawe ungekuwa na mwenyewe. Jibu lile lingine ndilo lilikuwa zito, maana lilikuwa na choo chake na aibu yake ndani. Alimtazama Félicité, juisi kifuani, mguu umelowa. Akatazama chini.

"Hapana," alisema.

"Una uhakika?"

"Hakukunywa. Hakuna mwenye alikunywa kwangu. Nilizimwanga."

"Ulizimwanga lini?"

"Siku ile ile. Hata hakuwa amefika lango ya pili." Sasa aliongea haraka, bila kuinua macho. "Mu choo. Ya kwanza, na zile mbili. Biskuti nilitupa. Niliogopa, Papa Gédéon. Hakuonja. Muntu analeta kitu cha kunywa, anacheka, haonji."

Aliyefuata ni Capitoline, kutoka ng'ambo ya barabara, juu ya fimbo yake.

"Na yangu ilikwenda choo," alisema. "Kwanza niliisemea maombi."

"Na yetu," alisema mwanamke mwingine.

"Sisi tulimwangia mugomba," alisema mmoja wa wale waliomshika Onesphore. "Tukaingoja siku tatu, tuone. Haikukufa. Imeleta hata kichipukizi."

Mtu alicheka, kwa pua tu. Mwingine akafuata. Shefu aligeuka, akaanza kuuliza mmoja mmoja, kama anayeandika watu wa msaada: weye? Choo. Weye? Mfereji. Weye? Nilimupa mbwa ya jirani, lakini ilikataa. Hakukuwa na nyumba moja, katika zote makumi tano na mbili, ambamo funda moja lilipita koo la mtu.

"Na weye, Papa Shefu?" aliuliza Capitoline.

Papa Gédéon aliangalia kofia yake. "Minye niko na sukari mu damu," alisema.

Hapo wakacheka kweli, na kundi linapocheka halijui tena lilikuja kufanya nini. "Sasa kama haiko mwenye alikunywa," shefu alipaza sauti, "munatafuta nini hapa? Muende! Munawe mikono!" Wakaenda. Wengine waliondoka na mawe yao mkononi, kwa heshima, kama watu waliokuja kuazima mawe. Kijana wa tairi aliliviringisha tairi lake, na alipopita alisema, "Pole, Mama Bienvenu," kama aliyemkanyaga kanisani.

Onesphore aliketi chini palepale alipoachiwa. "Tuko bazima," alisema. "Félicité. Tuko bazima."

Félicité alikuwa anayapitia kwa macho malango ya avenue, moja baada ya jingine, yote aliyoyachekea, na kila moja lilikuwa limesema choo. Hawa ndio waliombeba alipojifungua, ndio waliozika naye mama yake. Kijana mmoja na tairi lake unaweza kumkimbia. Avenue nzima inayokudhani muuaji, na bado inakuambia aksanti na Mungu akuongezee, utaikimbilia wapi? Na kudhani kwao ndiko kulikomponya. Wangemwamini wakanywa, Jumatano hii angekuwa majivu.

Olive alitoka nyumbani kwake na beseni na kitambaa. Barabara ilikuwa tupu. Kati ya wale mia waliokuja kwa ajili ya mtoto wake, hakuna aliyebaki kumshikia beseni.

"Nani iko na Josée?" Félicité aliuliza.

"Haiko muntu. Papa yake iko ku machimbo ya dhahabu, telefone haipiti."

"Leta beseni."

Wengine watasema ni huruma. Ukweli ni kwamba Félicité aliogopa kubaki peke yake na malango yale. Alibadilisha kitenge, wakateremka, beseni katikati, kila mmoja na upande wake.

* * *

Kwenye mahema walipuliziwa dawa ya klori miguuni. Josée alikuwa amelala juu ya kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imejikunja kama ya mfuaji. Mshipa ulikuwa umekataa sindano mara mbili. Muuguzi, Ildephonse, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, alileta kikombe cha maji ya chumvi na sukari.

"Mpaka nipate mshipa, anywe hii. Kijiko kimoja, kila dakika, bila kuacha. Akiacha, tunamupoteza. Mama wa mutoto ni nani? Weye, kuja tuandike, halafu ufue hizi nguo. Na weye?"

"Jirani," alisema Félicité.

"Shika."

Alimwekea kikombe mkononi kabla hajaficha mkono.

Félicité alikitazama. Maji meupe, kikombe wazi, mtoto wa Olive. Kilichokosekana asubuhi, kitu ambacho watu mia walikitafuta na petroli wakakikosa, sasa alikuwa amekishika: kinywaji kutoka mkononi mwake, kinachoingia mdomo wa mtoto huyu, watu wakiona. Mtoto akifa saa moja baadaye, hakuna choo kitakachomtetea. Angeweza kuweka kikombe chini. Angeweza kusema mikono inatetemeka, na isingekuwa uongo.

Olive alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, nguo chafu kifuani, hajatoka. Aliangalia kikombe, akaangalia uso wa Félicité. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Ildephonse akamwita kwa ukali kutoka nje.

"Mama Bienvenu."

"Niko."

"Asinywe haraka. Atatapika."

Akatoka.

Félicité alichota kijiko. Nusu ilimwagika juu ya mkono wake. Alichota tena, akashikilia kifundo cha mkono kwa mkono mwingine, akakiweka kati ya midomo iliyopasuka. Koo la mtoto lilipanda, likasimama, likashuka. Félicité alihesabu mpaka sitini, akachota kingine.